Crockett, Houston na bei ya kumwambia Jackson hapana

Mei 26, 1830, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha kwa kura 102 dhidi ya 97 muswada uliompa Rais Andrew Jackson mamlaka ya kuwahamisha wenyeji asilia wa kusini mashariki na kuwapeleka ng'ambo ya Mto Mississippi. Tofauti ilikuwa kura tano tu. Miongoni mwa wabunge wa Tennessee, jimbo la rais mwenyewe, mmoja peke yake alisema hapana. Jina lake ni David Crockett.

Wengi wanamjua Crockett kwa kofia ya ngozi na bunduki ndefu, kwa sababu ya filamu na vitabu vya watoto. Huyo wa filamu aachwe apumzike. Anayestahili kuzungumzwa ni mbunge wa mashambani, mwenye madeni yasiyokwisha, aliyepigana vitani chini ya Jackson na kuingia bungeni mwaka 1827 akijulikana kuwa mfuasi wake. Babu na bibi yake waliuawa na wapiganaji wa wenyeji asilia mwaka 1777, miaka tisa kabla yeye hajazaliwa. Wapiga kura wake walipakana na Wachickasaw na waliitamani ardhi yao. Mtu wa namna hiyo alikuwa na kila sababu ya kupiga kura ya ndiyo na kwenda kulala.

Hakufanya hivyo. Katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 1834 alisimulia kwamba wenzake walimwonya kuwa anajimaliza mwenyewe. Walikuwa sahihi. Mwaka uliofuata kura ile, 1831, alishindwa uchaguzi.

Ili kuona uzito wa jambo hili, lazima mtu aielewe Tennessee ya wakati ule. Ilikuwa nchi ya mpakani. Mahakama zilikuwa chache na za mbali, fedha taslimu ilikuwa adimu, barabara ni njia za mifugo. Mtu akijenga nyumba ya magogo, majirani ndio waliokuja kuinyanyua. Akitaka chumvi au baruti kwa mkopo, alihitaji sahihi ya rafiki mwenye jina. Hata maofisa wa jeshi la mgambo walichaguliwa na askari wao, hivyo cheo cha kanali kilikuwa cheo cha mtu anayependwa kabla ya kuwa cheo cha mtu anayejua vita. Ndiyo maana nusu ya wanasiasa wa mpakani waliitwa kanali.

Katika mazingira hayo, neno la mtu lilifanya kazi ya benki, ya polisi na ya hati ya kiwanja kwa pamoja. Kumwacha rafiki katikati ya safari hakukuchukuliwa kuwa tofauti ya mawazo. Ulikuwa usaliti, na msaliti hakupata wa kumwekea sahihi tena.

Jackson alilijua hili kwa maumivu. Mwaka 1795 alimuuzia ardhi mfanyabiashara wa Philadelphia, David Allison, akapokea hati za ahadi ya malipo, akaweka sahihi yake juu yake na kuzitumia kununulia bidhaa. Allison alipofilisika, wadai walimgeukia aliyeweka sahihi. Jackson alichukua miaka mingi kujikwamua na deni lile. Alitoka na chuki ya kudumu dhidi ya fedha za karatasi, na imani isiyoyumba kwamba dunia ina watu wa aina mbili: wa kwetu na maadui.

Alipoingia Ikulu mwaka 1829 aliingia na imani hiyo. Mkewe Rachel alikuwa amefariki Desemba 1828, na Jackson aliamini hadi kufa kwamba kashfa za wapinzani ndizo zilizomuua. Kisha waziri wake wa vita, rafiki wa siku nyingi John Eaton, alimuoa Margaret, mjane aliyesemwa vibaya mjini Washington, na wake za mawaziri wengine wakakataa kumtembelea wala kumkaribisha. Rais wa nchi alitumia zaidi ya miaka miwili akipima uaminifu wa mawaziri wake kwa namna wake zao walivyomsalimia mke wa Eaton. Mwaka 1831 karibu baraza lote lilijiuzulu. Aliyenufaika ni Martin Van Buren, mjane asiye na mke wa kumletea tatizo, aliyemtendea bibi Eaton kwa adabu. Akawa makamu wa rais, kisha rais.

Mtu anaweza kucheka. Lakini tabia hiyohiyo ndiyo iliyogawa ajira za serikali. Jackson alihoji kwamba kazi za umma ni rahisi kiasi cha kuweza kufanywa na mwananchi yeyote mwenye akili, na kwamba kubadilishana nafasi ni dawa ya urasimu wa watu wachache waliojimilikisha ofisi. Hoja yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Ofisi nyingi za Washington zilikuwa zimegeuka mali ya familia. Tatizo lilikuwa kwamba mwananchi yeyote mwenye akili, kwa vitendo, alimaanisha mwananchi aliyetupigia kampeni. Kwenye forodha ya bandari ya New York, iliyokusanya sehemu kubwa ya mapato ya taifa, Jackson alimteua Samuel Swartwout, mtu aliyemuunga mkono tangu mapema. Van Buren, aliyeijua New York kuliko rais, alipinga uteuzi huo. Rais hakusikia. Miaka michache baadaye ikagundulika kwamba Swartwout, aliyekuwa tayari amevuka bahari kwenda Ulaya, alikuwa amechota zaidi ya dola milioni 1.2. Uchawa, kama vijana wanavyouita leo, haukuanza na mitandao ya kijamii.

Huo ndio mfumo ambao Crockett aliuambia hapana. Na hapa wanaomsifu huwa wanakimbia haraka mno kwenye kura ya Mei 1830, kana kwamba aliamka siku ile akaona mwanga. Ukweli ni kwamba ugomvi ulikuwa umeanza mapema, na ulianzia kwenye ardhi ya maskwota.

Wilaya yake ya magharibi mwa Tennessee ilijaa watu waliofyeka msitu na kulima bila hati. Ardhi nzuri ilikuwa imekwishachukuliwa kwa vyeti walivyopewa askari wa vita vya uhuru, na vyeti hivyo vingi viliishia mikononi mwa walanguzi. Kilichobaki kilikuwa ardhi ya serikali ya shirikisho. James Polk, mbunge msomi na mtiifu wa Jackson, alitaka ardhi hiyo ikabidhiwe jimbo la Tennessee, iuzwe, na mapato yaende kwenye elimu. Inasikika vizuri. Crockett, ambaye alikwenda shule kwa miezi michache tu maishani, aliuliza shule hizo zitasomesha watoto wa nani. Aliona kwamba skwota angenyang'anywa shamba alilolifyeka kwa mikono yake ili mtoto wa tajiri asome chuo. Alitaka mwenye kulima apewe ardhi kwanza, moja kwa moja.

Crockett alikuwa mmoja wao. Aliwahi kujenga kinu cha kusaga nafaka, mtambo wa kutengenezea pombe na kiwanda cha baruti huko Lawrence, akatumia mkopo na mali ya mkewe Elizabeth, na mwaka 1821 mafuriko yakavisomba. Elizabeth alimshauri walipe kila anayewadai na waanze upya, wakahamia magharibi zaidi, kwenye mabonde ya Mto Obion. Alijua kwa nini mtu anakaa kwenye ardhi isiyo yake.

Muswada wake wa ardhi ulipokwama kwa sababu wabunge wenzake wa Tennessee waliufuata msimamo wa Polk, Crockett alianza kushirikiana na wapinzani wa Jackson. Hivyo kufikia Mei 1830 tayari alikuwa na kinyongo. Wapo wanahistoria wanaosema kura yake juu ya Wacherokee na wenzao ilikuwa ya kinyongo hicho. Hoja hiyo ina nguvu, na ni haki iwekwe mezani. Hata hivyo kinyongo kina njia nyingi za kulipizwa ambazo hazigharimu kiti. Angeweza kutokuwepo siku ile. Wabunge wengi wa zama zote wameugua ghafla siku ya kura ngumu, na yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa kutoonekana bungeni. Angeweza kupigania kitu ambacho wapiga kura wake walikitaka. Badala yake alichagua jambo ambalo wilaya yake yote ilikuwa upande wa rais.

Na alikuwa ameiona vita ile kwa macho. Novemba 3, 1813, akiwa askari wa kujitolea wa Tennessee, alikuwepo Tallushatchee, kijiji cha Wacreek kilichozingirwa na kuteketezwa. Aliandika jinsi nyumba yenye makumi ya wapiganaji ndani ilivyochomwa moto, na jinsi askari wenye njaa walivyorudi kesho yake wakala viazi vilivyokuwa vimehifadhiwa chini yake. Hakulipamba tukio hilo. Mtu anayelisimulia hivyo baada ya miaka 20 hajalisahau.

Msomaji aliyezoea katiba za Tanzania, Kenya au Uganda, ambako mbunge anayekihama chama hupoteza kiti, atashangaa kwamba Crockett aliendelea kukaa bungeni. Katika Marekani ya wakati ule, na hata ya leo, hakuna kifungu cha namna hiyo. Jackson hakuweza kumfukuza. Alichoweza ni kuhakikisha wilaya inapata mgombea mwingine, na magazeti ya chama yanafanya kazi yake. Mwaka 1831 William Fitzgerald alimshinda Crockett kwa tofauti ndogo. Mwaka 1833 Crockett alirudi, pia kwa tofauti ndogo. Mwaka 1835 Adam Huntsman, wakili mwenye mguu mmoja wa mti, alimwangusha tena, mara hii kwa kura zisizofika 300.

Kati ya ushindi wa 1833 na anguko la 1835 kuna sehemu ambayo wapenzi wa Crockett hawapendi kuisimulia. Wapinzani wa Jackson, waliokuwa wakijikusanya katika chama cha Whig, walihitaji mtu wa porini wa kumpambanisha na rais wa porini. Wakamchukua. Katika majira ya kuchipua ya 1834, Bunge likiwa linaendelea na vikao, Crockett alizungushwa Baltimore, Philadelphia, New York na Boston akihutubia karamu na kupokea zawadi. Vijana wa Whig wa Philadelphia walimpa bunduki. Vitabu viwili vilivyotoka 1835 kwa jina lake viliandikwa kwa sehemu kubwa na watu wengine, kimoja kikiwa cha kumtukana Van Buren. Mtu aliyejisifu kwamba shingo yake haina kamba ya bwana yeyote alikuwa sasa anaimba wimbo alioandikiwa na mabenki na wafanyabiashara wa kaskazini, ambao maskwota wa Obion hawakuwahi kuwahusu hata siku moja. Muswada wake wa ardhi haukupita. Hao marafiki wapya hawakuona haraka ya kuupitisha.

Kwa hiyo Crockett hawezi kuwekwa kwenye fremu kama mtakatifu. Alimtoka bwana mmoja na kwa kiasi fulani akaingia kwa wengine. Alimiliki watumwa. Alikuwa mtoro bungeni. Lakini kura ya 1830 ilikuja kabla ya bunduki ya zawadi na kabla ya karamu. Wakati ule hapakuwa na aliyemlipa kwa hapana yake, ila aliyemtoza.

Alipokwenda Texas mwishoni mwa 1835 alikwenda kutafuta ardhi na nafasi mpya ya siasa. Katika barua kwa familia alieleza matumaini ya kuchaguliwa kushiriki kuandaa katiba ya nchi hiyo. Januari 1836, mjini Nacogdoches, aliletewa kiapo cha utii kwa serikali ya muda ya Texas au serikali yoyote itakayokuja baadaye. Crockett alikataa kutia sahihi. Alidai liongezwe neno moja, ili atii serikali yoyote ya kijamhuri itakayokuja. Neno likaongezwa, naye akatia sahihi. Wiki chache baadaye, Machi 6, alikufa Alamo. Ile sahihi ya Nacogdoches inamweleza kuliko kifo chake. Alikuwa tayari kuahidi, mradi ahadi iwe na mpaka.

Wapo wengine waliompa Jackson uaminifu wao, na hao hulipwa kidogo sana katika simulizi za Marekani. Machi 27, 1814, kwenye kona ya Mto Tallapoosa iitwayo Horseshoe Bend, mamia ya Wacherokee walipigana upande wa Jackson dhidi ya Wacreek waasi. Wacherokee ndio waliovuka mto kwa nyuma, wakachukua mitumbwi ya adui na kumshambulia mgongoni wakati Jackson anapiga ukuta wa magogo mbele. Ushindi ule ulimfanya Jackson jenerali wa kitaifa. Miongoni mwa waliopigana pale alikuwemo John Ross, aliyekuja kuwa mkuu wa taifa la Cherokee, na mzee aliyeitwa The Ridge, ambaye tangu vita ile aliitwa Major Ridge kwa cheo alichopewa.

Miaka 16 baadaye jenerali waliyemsaidia alitia sahihi sheria ya kuwaondoa. Wacherokee hawakukaa kimya. Walikuwa na maandishi ya lugha yao yaliyobuniwa na Sequoyah, katiba yao ya 1827 na gazeti lao lililoanza kutoka 1828 huko New Echota. Walikwenda Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1832, katika kesi ya Worcester, mahakama ikasema sheria za Georgia hazina nguvu katika ardhi yao. Hukumu haikutekelezwa.

Ridge alifikia mahali pa kuamini kwamba kubaki ni kuangamia. Desemba 1835 yeye na kundi dogo walitia sahihi mkataba wa kuuza nchi, bila idhini ya Ross wala ya wengi wa taifa. Yeye huyu mwaka 1807 alishiriki kumuua kiongozi Doublehead kwa kosa la kuuza ardhi ya Wacherokee. Alijua adhabu ya alichokifanya. Kati ya mwaka 1838 na 1839 kiasi cha watu 16,000 waliondolewa, wengi kwa mtutu wa bunduki, na makadirio ya kawaida ni kwamba takriban 4,000 walikufa. Juni 22, 1839, Ridge, mwanawe John na mpwa wake Elias Boudinot, mhariri wa kwanza wa lile gazeti, waliuawa siku moja katika sehemu tatu tofauti. Ridge aliuza nchi kwa kuamini anawaokoa watu wake, na alitoa mhuri ambao hakuwa na mamlaka ya kuutoa. Ni vigumu kumpenda na ni vigumu kumhukumu, lakini Ross, aliyekataa kusaini hadi mwisho na kutembea njia ile pamoja na watu wake, mkewe akafia njiani, ndiye aliyekuwa na haki ya kusema kwa niaba yao.

Katika vita ileile ya Horseshoe Bend, kijana mweupe mwenye umri wa miaka 21 alipigwa mshale wa paja, akaamuru mwenzake auchomoe kwa nguvu, kisha akarudi vitani na kupigwa risasi mbili begani. Jackson alimwona. Kijana huyo, Sam Houston, hakumwacha Jackson tena maishani.

Houston alikuwa na uaminifu wa pande mbili tangu mwanzo. Akiwa na miaka 16 alitoroka dukani alikowekwa na kaka zake akaenda kuishi na Wacherokee kwa karibu miaka mitatu. Chifu Oolooteka alimfanya mwanawe na wakampa jina la Kunguru. Mwaka 1829, akiwa gavana wa Tennessee, ndoa yake ilivunjika baada ya wiki chache, akajiuzulu bila kutoa sababu hadharani hadi anakufa, akarudi kwa baba yule wa Kicherokee. Mwaka 1832 alimtandika kwa mkongojo mbunge William Stanbery wa Ohio barabarani Washington kwa sababu alimtaja bungeni katika tuhuma za zabuni ya chakula cha wenyeji waliohamishwa. Mahakama ikamtoza faini ya dola 500. Jackson akaifuta. Hapo ndipo uaminifu wa binafsi unapoonyesha sura yake mbaya kuliko zote: rais anafuta adhabu ya rafiki aliyempiga mbunge mpinzani.

Angeishia hapo, Houston angekuwa mpambe mwingine tu. Hakuishia hapo. Februari 1836, akiwa Texas, alitia saini mkataba na Wacherokee wa huko chini ya Chifu Bowles, ukiwahakikishia ardhi waliyokuwa wakiishi. Bunge la Texas likaukataa mwaka uliofuata. Mwaka 1839 rais aliyemfuata Houston, Mirabeau Lamar, aliwafukuza kwa jeshi, na mzee Bowles, mwenye zaidi ya miaka 80, aliuawa Julai 16 akiwa na upanga ambao Houston alimpa zawadi. Houston aliilaani vita ile hadharani, mbele ya umma uliokuwa ukiishangilia.

Akiwa seneta alirudia kosa hilohilo, kama ni kosa. Mwaka 1854 ulipoletwa muswada wa Kansas na Nebraska, uliofungua mlango wa utumwa katika maeneo ambayo mapatano ya 1820 yaliufunga, Houston na John Bell wa Tennessee walikuwa maseneta wawili pekee wa kusini waliopiga kura ya hapana mwishoni. Houston aliongeza hoja ambayo wachache walitaka kuisikia: maeneo yale yalikuwa ya makabila yaliyokwishaahidiwa kwamba hayatahamishwa tena. Bell, kwa njia, ndiye aliyeusimamia muswada wa uhamisho katika Baraza la Wawakilishi mwaka 1830. Watu hubadilika, au nyakati huwabadilikia.

Texas ilimwadhibu Houston kwa kura ile. Alishindwa ugavana mwaka 1857, na kiti chake cha seneta kikapewa mwingine. Mwaka 1859 aligombea tena ugavana akashinda. Kisha likaja suala la kujitenga. Mkutano wa Texas ulipiga kura 166 dhidi ya 8 kujiondoa katika Muungano, na wananchi wakaunga mkono kwa wingi. Houston, ambaye alikuwa na watumwa wake mwenyewe na hakuwa mpinzani wa utumwa, alikataa kuamini kwamba kura hiyo iliipa Texas kibali cha kujiunga na shirikisho jipya la kusini. Machi 16, 1861, maofisa walitakiwa kuapa utii kwa shirikisho hilo. Jina lake liliitwa ukumbini mjini Austin. Inasimuliwa kuwa yeye alikuwa chini, ghorofa ya chini kabisa, akichonga kipande cha mti kwa kisu. Hakupanda. Naibu wake Edward Clark akaapishwa mahali pake. Rais Abraham Lincoln alikwishampelekea ujumbe wa kumsaidia kwa jeshi abaki madarakani. Houston aliukataa msaada huo pia, hakutaka Watexas wauane kwa ajili ya kiti chake.

Kuna wanaosema Houston wa 1861 alikuwa amemwacha Jackson, kwa kuwa wafuasi wengi wa zamani wa Jackson kusini walikuwa upande wa kujitenga. Ni kinyume. Mwaka 1832 South Carolina ilipotishia kupuuza sheria za shirikisho, Jackson alitangaza kwamba Muungano hauvunjiki na kwamba yuko tayari kutumia nguvu. Houston alilibeba hilo moja, akaliacha mengine mengi. Juni 1845 alisafiri haraka kwenda Hermitage akiwa na mwanawe mdogo, Sam, ili mzee amwone mtoto kabla ya kufa. Walichelewa kwa saa chache. Mtoto huyo, alipokua, aliingia jeshi la kusini, akajeruhiwa Shiloh mwaka 1862 upande ambao baba yake alikataa kuuapia. Houston alikufa mwaka uliofuata, Julai 26, mjini Huntsville, vita ikiwa bado inaendelea.

Kwa upande wa Crockett, kiti chake kilichukuliwa mwaka 1837 na mwanawe, John Wesley. Alikaa vipindi viwili. Februari 1841, Jackson akiwa mstaafu Hermitage na Polk akiwa gavana wa Tennessee, John Wesley alifanikiwa kupitisha muswada wa ardhi, uliorekebishwa lakini wenye kuwatambua watu waliokuwa wamekaa katika ardhi ile ya magharibi. Mama yake wa kambo, Elizabeth, hakubaki Tennessee kuufaidi. Katika miaka ya 1850 alihamia Texas na watoto wake, akaishi kwenye ardhi iliyotolewa kwa warithi wa waliokufa Alamo, hadi alipofariki mwaka 1860.